Lita 180 kwa Siku: Mhadhara juu ya Figo, Kisiwani Fundo



Nimetakiwa nizungumze juu ya figo, zinafanya nini mwilini, na mwanafunzi wa uuguzi anafundishwaje kazi hiyo mpaka aielewe. Mada hizi mbili nitazichanganya, kwa sababu namna figo inavyofundishwa chuoni ndiyo inayoamua mgonjwa atahudumiwa vipi wodini. Nimeona wanafunzi wakizitaja sehemu zote za figo kwa majina yake, wakapata alama nzuri, kisha wakasimama mbele ya mgonjwa asiyekojoa tangu jana wasijue waangalie nini. Wameambiwa figo ni chujio la uchafu, basi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yameacha nje sehemu kubwa ya kazi, na sehemu iliyoachwa ndiyo inayomweka mtu hai. Kazi kubwa ya figo ni kurudisha. Kutupa ni kile kidogo kinachobaki baada ya kurudisha. Hilo ndilo lililonivusha leo kutoka Wete.

Nianze na suali ambalo hapa Fundo halihitaji ubao: kwa nini binadamu hanywi maji ya bahari? Kisiwa chenu ni cha mawe ya matumbawe, hakina mto, mvua ikinyesha maji huzama. Upande mmoja mji wa Wete, Pemba, upande wa pili bahari kuu, na thamani ya ndoo ya maji baridi kila aliyemo humu anaijua. Mvuvi ambaye mashine imemzimia nje ya mlango wa Fundo, mkondo ukawa unamchukua, amezungukwa na maji pande zote na bado kiu inaweza kumuua. Sababu yake imo ndani ya figo.

Sikilizeni hesabu yake. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Dripu ya chumvi tunayomtundikia mgonjwa hospitali ina gramu 9 kwa lita, kwa sababu kiasi hicho kinakaribiana na ukali wa damu yenyewe. Bahari, basi, ni kali karibu mara nne ya damu. Mtu akinywa lita moja ya bahari, chumvi ile yote lazima itolewe, na njia yake kubwa ni mkojo. Lakini figo ya binadamu ina mpaka wake: haiwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kama bahari, na mkojo huo huo una mzigo mwingine wa kubeba, yaani mabaki ya protini tunayokula. Kwa hiyo ili kuitoa chumvi ya lita moja aliyokunywa, mtu atahitaji kukojoa kama lita moja na nusu. Ile nusu lita ya zaidi inatoka wapi? Inatoka katika damu yake, katika misuli yake, katika ubongo wake. Amekunywa na amezidi kukauka.

Mwaka 1952 daktari wa Kifaransa, Alain Bombard, aliivuka Atlantiki kwa boti ya mpira akadai kwamba maji ya bahari kidogo kidogo yanaweza kumwokoa aliyepotea. Mjerumani Hannes Lindemann, naye daktari, aliivuka bahari hiyo hiyo kwa mtumbwi wa gogo miaka michache baadaye, na alimpinga kabisa. Hesabu niliyokupeni iko upande wa Lindemann. Wavuvi wetu nawaomba waisikie vizuri: ukipotea, maji ya bahari usiyanywe, na ukiwa huna maji baridi punguza kula samaki, kwa sababu protini yake nayo inataka maji ya kuitoa.

Viumbe wengine wa bahari hii Mwenyezi Mungu amewapa njia nyingine. Kasa ana tezi karibu na macho yake inayotoa chumvi kali, na yale machozi anayoonekana kuyalia ufukweni ndiyo chumvi hiyo. Shakwe na ndege wenzake wa baharini wana tezi kichwani, chumvi inawadondoka kwenye mdomo; mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen aliyaeleza haya mwishoni mwa miaka ya 1950. Samaki wa bahari kuu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi yake kwenye matamvua, kama alivyoonesha Mmarekani Homer Smith mwaka 1930. Sisi hatuna tezi ya machoni wala matamvua. Tuna figo mbili tu, na ujanja wake wote ni wa kubana matumizi ya maji.

Sasa tuingie ndani. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza nampeleka kwanza buchani, vitabu vinafuata. Figo ya mbuzi ni laini kwa nje, inajaa kiganjani. Ya ng'ombe ina manundu manundu. Ya kwetu ni laini kama ya mbuzi, urefu wake sentimita 11 au 12, uzito gramu 150 hivi. Ipasue kwa urefu kwa kisu kikali. Utaona tabaka mbili: gamba la nje lenye rangi ya kahawia na chembechembe, na sehemu ya ndani yenye mistari inayoelekea katikati, ambako mkojo hukusanyika uingie kwenye mrija wa kushuka kibofuni. Ile mistari mwanafunzi aiguse kwa kidole. Akishaigusa, nikimwambia baadaye kwamba ni maelfu na maelfu ya vifereji vilivyolala sambamba, hatanihitaji nimchoree.

Chembechembe za gamba la nje aliziona Mtaliani Marcello Malpighi kwa hadubini katika karne ya 17. Kila moja ni kishada cha vimishipa vya damu vilivyojikunja, kimekaa ndani ya kikombe, na kutoka kwenye kikombe kinaanza kifereji kirefu. Kishada, kikombe na kifereji chake kwa pamoja ndiyo nefroni. Kila figo ina nefroni kama milioni moja, na ulizozaliwa nazo ndizo hizo. Zikifa hazioti nyingine.

Damu inaingia katika figo hizi kwa wingi wa kushangaza. Figo mbili kwa pamoja hazifiki hata nusu asilimia ya uzito wa mwili, na hupokea karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo, zaidi ya lita moja kila dakika. Katika vishada, maji ya damu yanasukumwa nje pamoja na kila kitu kidogo kilichoyeyuka ndani yake. Chembe za damu na protini kubwa haziwezi kupita, zinabaki. Vingine vyote vinamwagika kwenye vikombe: chumvi, sukari, madini, mabaki ya protini, vitamini, dawa uliyokunywa asubuhi. Mwaka 1924 Wearn na Richards, huko Philadelphia, walichoma kwa sindano nyembamba mno kikombe kimoja cha figo ya chura aliye hai wakayavuta maji yake, na yalikuwa ni maji ya damu bila protini. Ubishi mrefu wa wataalamu juu ya kama vishada vinachuja ukapata jibu kwa chura.

Kwa binadamu mzima, maji yanayomwagwa hivyo ni lita 180 kwa siku. Tuyapime kwa madumu tunayochotea maji, yale ya lita 20. Ni madumu 9. Mwili wote wa mtu wa kilo 70 una maji yapatayo lita 42 tu, na sehemu ya maji katika damu yake ni lita 3. Maana yake ni kwamba maji ya damu yako yote yanamwagwa na kurudishwa mara 60 kwa siku moja. Mkojo unaokwenda kuukojoa ni lita moja na nusu hivi. Lita 178 na zaidi zimerudi.

Kwa nini mwili ufanye kazi ya namna hii, umwage madumu 9 ili utupe kibakuli? Mwanafunzi akiuliza suali hili najua ameanza kusoma kweli. Fikirini mama anayefanya usafi wa kuamkia Idd. Hazunguki vyumbani akitafuta taka moja moja. Anatoa kila kitu nje uwanjani, halafu anarudisha anachokitaka: hiki chombo, huu mkeka, lile sanduku. Kisichorudishwa ndicho taka. Faida ya njia hii ni kwamba hahitaji kuzijua taka kwa majina. Figo nayo inavijua vitu inavyovitaka na kuvirudisha kwa kiasi. Sumu mpya, dawa mpya, kitu ambacho mababu zetu hawakuwahi kukila, kikimwagika kwenye kifereji na kikakosa wa kukirudisha, kinakwenda zake. Mwili unajisafisha na vitu ambavyo haujawahi kukutana navyo. Mimi kila nikilifundisha hili nasema subhanallah, na sioni haya kulisema mbele ya darasa.

Sehemu ya kwanza ya kifereji hurudisha karibu theluthi mbili za maji na chumvi, na sukari yote. Sukari hurudishwa ikiwa imeshikana na chumvi: chembe za kuta za kifereji huingiza viwili hivyo pamoja, na maji yakafuata. Utumbo nao unatumia njia hiyo hiyo, na ndiyo maana pakiti ya ORS tunayompa mtoto anayeharisha ina chumvi na sukari ndani yake. Lakini wabebaji wa sukari katika kifereji wana idadi. Sukari ya damu ikipita kama milimoli 10 kwa lita, wanaelemewa, na ile iliyozidi inatoka na mkojo ikivuta maji pamoja nayo. Mgonjwa wa kisukari anakojoa mara kwa mara, ana kiu isiyokatika, na nyumbani wanaona sisimizi wamezunguka alipokojoa. Mwanafunzi aliyeelewa wabebaji wale hahitaji kukariri dalili hizi tatu, zinajileta zenyewe.

Baada ya hapo kifereji kinashuka ndani ya figo kisha kinapanda tena, kama kitanzi. Kitanzi hiki alikieleza Mjerumani Jacob Henle mwaka 1862, na kazi yake ni kuijaza chumvi sehemu ya ndani ya figo, na pamoja na mabaki ya protini sehemu hiyo huwa kali mara nne ya damu. Ukali huo ndio unaokuja kuyanyonya maji kutoka kwenye mifereji ya mwisho, ubongo ukiamua. Siku ya jua kali, mama yuko kwenye mwani tangu maji ya bamvua yalipoanza kutoka, ametoka jasho na hajanywa kitu: damu yake imeanza kukolea, ubongo unahisi, unaachia homoni, kuta za mifereji zinafungua milango ya maji, na maji yanarudi mwilini. Anakojoa kidogo, mkojo wa rangi ya chai. Akirudi nyumbani akanywa vikombe vinne vya maji, homoni inapungua, milango inafungwa, na baada ya muda mfupi mkojo ni mweupe. Rangi ya mkojo ni habari ya bure ambayo figo inaitoa kila siku. Akinamama, nendeni mwanini na chupa ya maji. Huko Nikaragua na El Salvador wamegundulika vijana wengi wakata miwa ambao figo zao zimekufa bila presha wala kisukari, na joto pamoja na ukosefu wa maji wakati wa kazi ngumu vimo katika sababu zinazotajwa zaidi.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi Wapemba kuliko wengi. Ili maji yasukumwe kwenye vishada, lazima kuwe na nguvu. Ndani ya kishada nguvu hiyo ni kama milimita 60 za zebaki, na zinazopingana nayo, protini iliyobaki ndani ya damu na maji yaliyokwishaingia kwenye kikombe, kwa pamoja zinafika 50. Tofauti ni 10 tu. Lita 180 zote zinategemea tofauti hiyo ndogo. Damu ikipungua nguvu kwa juu, uchujaji unasita. Njia ikiziba kwa chini, maji yakarudi nyuma, uchujaji unasita vile vile. Mambo haya mawili, la juu na la chini, muuguzi akiyashika ameshika nusu ya magonjwa ya figo.

Lile la chini Pemba tunalijua kwa jina la kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono mdogo wa maji baridi, wa vijito na madimbwi ya mabondeni. Baharini konokono huyo hakai, kwa hiyo mtoto wa Fundo anayeoga ufukweni hapa hakipati. Anaweza kukipata akivuka kwa shangazi yake akaenda kuoga mtoni na binamu zake. Kijidudu kinapenya ngozi, kinakua, na minyoo dume na jike wanakwenda kukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Minyoo yenyewe haina madhara makubwa kama mayai yake. Yai lina mwiba. Mengine yanapenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, na ndipo damu inapoonekana, zaidi mwishoni mwa haja. Mengine yananasa ukutani, mwili unayazungushia kovu, na kovu likiifikia midomo ya mirija inayotoka kwenye figo, mirija inabanwa. Mkojo unarudi juu, mrija unatanuka, figo inajaa kama kiriba, na zile milimita 10 zinakwisha. Mgonjwa anaweza asihisi lolote kwa miaka, kwa sababu kuziba polepole hakuumi.

Ugonjwa huu ni mkongwe. Theodor Bilharz aliwaona minyoo hao mjini Cairo mwaka 1851, na mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alieleza kwamba ameyakuta mayai yao ndani ya figo za maiti wawili wa Misri ya kale, waliohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 3,000. Tazameni alikoyakuta: katika figo. Na katika sehemu nyingi za Afrika kijana aliyekojoa damu aliambiwa ndio anabaleghe.

Pemba imefanya kazi kubwa juu ya jambo hili, na nasikitika kwamba vijana wetu hawaisomi. Katika miaka ya 1980 kichocho kilikuwa kimeenea mno miongoni mwa watoto wa skuli. Daktari Mtaliani Lorenzo Savioli na wafanyakazi wa afya wa kisiwa hiki walionesha kwamba kuutazama mkojo kwa macho, pamoja na kijiti cha karatasi kinachobadilika rangi kikigusa damu, kunatosha kuwapata wengi wa watoto wanaohitaji dawa, bila ya hadubini katika kila kituo. Njia ya masikini, na ilifaa. Mwaka 2000 ikafunguliwa Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iliyopewa jina la mtaalamu wa vimelea aliyeitamani na akafariki kabla haijasimama. Kuanzia 2012 Zanzibar ikaingia katika mpango mkubwa wa kukikata kabisa kichocho: dawa ya prazikwanteli kwa watoto na watu wazima, kuua konokono kwenye baadhi ya vijito, na kuwaelimisha watu. Leo katika shehia nyingi maambukizi ni madogo sana, na utafiti wa kaskazini ya Pemba ulioanza 2020 ulifuata mtoto kwa mtoto, kijito kwa kijito, pale ambapo ugonjwa ulikuwa unajaribu kurudi. Wanafunzi wangu, mkitakiwa kuchukua mkojo wa kupima mayai ya kichocho, uchukueni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu ndipo mayai yanapotoka kwa wingi, na chukueni mpaka tone la mwisho.

La juu, yaani damu kupungua nguvu, nalo lina historia yake hapa. Daktari James Christie, aliyekuwepo Unguja kipindupindu kilipoingia mwaka 1869, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kikachapishwa mwaka 1876. Zanzibar iliuona mlipuko mwingine mkubwa mwaka 2015 na 2016. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja. Presha inaanguka, figo zinakosa damu, mkojo unakatika. Ukiwahi kumrudishia maji, figo zinaamka. Ukichelewa, kuta za vifereji zinaanza kufa, na hata presha ikipanda mkojo hauji.

Hapa ndipo ilipo kazi ya muuguzi ambayo hakuna mashine inayomfanyia. Ni ile karatasi inayoning'inia kitandani ya maji yanayoingia na yanayotoka. Nimekuta mara nyingi imejazwa mwisho wa zamu kwa kukisia, na linaniumiza kila ninapoliona. Mtu mzima anatakiwa kukojoa angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake kila saa. Mtoto mililita moja. Mgonjwa wa kilo 60, basi, mililita 30 kwa saa. Ikiwa ana mpira wa mkojo, angalia kwanza kama haujakunjika au kuziba, kisha soma mfuko kwa saa yake, andika ulichokiona. Saa mbili mfululizo chini ya hapo, mwite daktari. Kipimo cha damu cha kreatinini ambacho wote tunakitegemea huchelewa kupanda siku nzima au zaidi, na kwa mgonjwa wa muda mrefu nusu ya kazi ya figo inaweza kuwa imepotea kabla namba haijatisha. Mkojo wa saa unasema mapema zaidi, mwenye kuusoma akiwepo.

Kuna jambo jingine la nyumbani linalotuharibia figo, nalo ni vidonge vya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinanunuliwa kama peremende. Mwili unapokuwa mkavu, figo hujilinda kwa kuuachia wazi mshipa unaoingiza damu kwenye kishada, na dawa hizi zinaubana mshipa huo huo. Kwa kijana mwenye maji ya kutosha, siku mbili tatu huenda asidhurike. Kwa mzee wa presha, mwenye dawa ya kukojoza, aliyeshinda juani akitengeneza mtego wake, kidonge kile cha mgongo kinaweza kumfikisha hospitali. Muulizeni mgonjwa amekunywa nini, na muulizeni kwa upole ili aseme, pamoja na dawa za miti shamba.

Presha na kisukari ndiyo maradhi yanayozimaliza figo za watu wazima polepole, hapa kwetu na duniani kote. Yanakikaza na kukitoboa kishada mpaka protini inaanza kuvuja, na protini kwenye mkojo ni ishara inayokuja miaka kabla ya miguu kuvimba. Kwa mjamzito protini hiyo pamoja na presha ni onyo la kifafa cha mimba, na hapo hatuzungumzi tena juu ya miaka, ni saa. Figo iliyochakaa pia inashindwa kutoa homoni inayoiambia mifupa itengeneze damu, na ndiyo sababu mgonjwa wa figo anakuwa mweupe viganjani na mchovu hata akila vizuri.

Figo zikifa kabisa, kuna mashine ya kusafishia damu. Aliyefanikiwa kuitengeneza ni Willem Kolff, Uholanzi, mwaka 1943, wakati wa vita, kwa karatasi nyembamba zinazotumika kufungia soseji, na mgonjwa wake wa kwanza kupona alipona mwaka 1945. Unguja huduma ipo Mnazi Mmoja. Kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na mtu wa Fundo kabla hajafika kwenye mashine yoyote inambidi avuke bahari. Hata ikifanya kazi vizuri, mashine ile kazi yake kubwa ni kutoa. Kurudisha kile kilichotakiwa kubaki, tone kwa tone, usiku na mchana, haijaweza. Kupandikiza figo Tanzania kulianza Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata Machi 2018. Mtoaji huwa ni ndugu wa mgonjwa, na figo moja inayobaki kwake hunenepa na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya ile iliyoondoka.

Maswali nitayapokea tukiwa tunafanya kazi. Meza mbili ziko pale chini ya mwembe: ya kwanza presha, ya pili mkojo, na vichupa viko kwenye kikapu. Nawaomba waanze wajawazito, kisha wenye presha na kisukari, kisha wanaotumia vidonge vya mgongo kila wiki. Wanafunzi, kijiti kisomeni kwa dakika iliyoandikwa kwenye kopo, kisha muelezeni mwenye mkojo mlichokiona kabla hajaondoka mezani.